Una MS na miguu inauma bila sababu kujulikana: uchague nini ukiwa Mtwara

Ukiwa na multipo sklerosisi, au MS kama wengi tunavyouita ugonjwa huu, halafu miguu ikaanza kuuma wiki hadi wiki na vipimo vikarudi bila jibu, kila mtu atakuwa na jibu lake. Jirani atasema ni baridi yabisi. Duka la dawa litakupa diklofenaki. Shangazi atakuja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Daktari atakwambia picha haionyeshi kitu kipya, tusubiri. Ninaishi na MS hapa Mtwara mjini, maumivu ya miguu nayajua vizuri, na msimamo wangu ni huu: usisubiri maumivu yapate jina ndipo uanze kuyapunguza, na usichague tiba kwa kuangalia ukali wake. Chagua kwa kuangalia tabia yake. Maumivu ya aina mbili yanayokunyima usingizi sawasawa yanaweza kuhitaji tiba zinazopingana, na ile inayotuliza ya kwanza ikazidisha ya pili.

Kwa ufupi, MS ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia ganda linalofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ganda likichubuka, ujumbe unachelewa, unapotea, au unafika umepotoka, kama waya wa umeme uliochunika. Ndiyo maana mguu usio na jeraha wala uvimbe unaweza kuwaka moto. Watu wanaoishi na MS duniani wanakadiriwa kuwa karibu milioni 2.9, wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugunduliwa kati ya umri wa miaka 20 na 40. Huku kusini ni nadra kumpata mwenzako mwenye ugonjwa huu, kwa hiyo ushauri mwingi utakaopewa ulitungwa kwa ajili ya magonjwa mengine.

Na picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha ubongo na uti wa mgongo, ikirudi bila kovu jipya la mchubuko huo, usikubali kuambiwa unajitungia. Kovu la zamani linaweza kuendelea kuuma miaka na miaka, na ukubwa wa kovu kwenye picha haulingani na ukubwa wa maumivu.

Yanawaka, yanakaza, au yanatokana na mwendo?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu kila uchaguzi unaofuata unategemea hapa.

Maumivu ya neva huwaka, huchoma, au hupita ghafla kama shoti. Huja zaidi usiku, mtu akiwa ametulia. Shuka jepesi likigusa unyayo unauvuta mguu. Ukiminya mahali panapouma, hali haibadiliki, na mara nyingi unakuta hapo hapo pana ganzi. Kutembea hakuyaongezi sana.

Maumivu ya kukaza ni mengine kabisa. Shavu la mguu linajifunga, paja linakuwa gumu, mguu unanyooka wenyewe kitandani au goti linajikunja bila kuagizwa. Asubuhi unashuka kitandani na kisigino kinakataa kugusa sakafu. Haya yana vichochezi, na vichochezi vyenyewe vinaweza kuwa mbali na mguu: kibofu kilichojaa, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, ukucha ulioota kuingia ndani ya nyama, kidonda usichokihisi kwa sababu ya ganzi. Mtu anaweza kuongezewa dawa ya misuli wakati alichohitaji ni kutibiwa mkojo.

Aina ya tatu inatokana na mwendo. Mguu mmoja ukiwa dhaifu, unauburuza, unainua nyonga kuupitisha, unaegemea mguu mzima. Baada ya miezi, goti, nyonga na kiuno vya upande ule mzima ndivyo vinavyolia. Maumivu haya huongezeka ukitembea au kusimama, hupungua ukikaa, na unaweza kuweka kidole pale pale yalipo.

Iko na ya nne ambayo wengi huisahau, miguu kutotulia. Ukijilaza, inakujia hamu isiyozuilika ya kuichezesha, na ukiinuka ukatembea kidogo inatulia. Wenye MS huipata zaidi kuliko watu wengine, na upungufu wa madini ya chuma mwilini huizidisha. Ukiitenga mapema utaona hapo mbele kwa nini ina uzito kwenye kuchagua dawa.

Mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili au tatu kwa pamoja. Ndiyo sababu napendekeza daftari kabla ya kidonge: saa ngapi yalianza, ulikuwa unafanya nini, yanawaka au yanakaza, nini kiliyapunguza. Wiki moja ya maandishi ya namna hiyo itamfaa daktari mwenye foleni ndefu kuliko maelezo ya "miguu inauma sana, daktari".

Kabla ya kuilaumu MS

MS haimzuii mtu kupata magonjwa mengine. Kisukari huunguza neva za miguu, na maumivu yake hufanana sana na ya MS, ila kwa kawaida huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kuharibu uti wa mgongo. VVU na kaswende huweza kugusa neva. Kichocho, ambacho kipo sana kwenye mabonde na madimbwi ya mikoa yetu, mara chache huingia hadi kwenye uti wa mgongo. Vipimo vya haya karibu vyote ni vya damu, mkojo na choo, na vingi vinafanyika bila kuvuka Rufiji. Ukiweka fedha za vipimo hivi upande mmoja na za MRI ya pili upande wa pili, naanza na hivi bila kusita.

Huku kwetu kuna kimoja cha ziada ambacho daktari wa kusini atakifikiria na wa kwingine pengine asikifikirie: konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu. Hutokana na kula kwa majuma mengi mhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha, sumu ya sianidi ikabaki, huku chakula chenye protini kikiwa haba mezani. Umewahi kuripotiwa Mtwara, ukiwemo mlipuko wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Konzo na MS vyote hukakamaza miguu, lakini mwenendo wao ni tofauti. Konzo humpiga mtu ghafla, ndani ya saa au siku chache, miguu yote miwili kwa usawa, kisha hali inabaki hapo hapo bila kuendelea na bila kupona. MS huja na kuondoka, au huongezeka pole pole, mara nyingi upande mmoja zaidi, ikifuatana na ganzi, jicho kuuma na kuona ukungu, mkojo wa kushtukiza, na uchovu usioelezeka. Kama hujawahi kuthibitishiwa MS kwa MRI na daktari bingwa, na nyumbani kulikuwa na njaa ya mhogo mtupu, litaje hilo waziwazi.

Jambo jingine la hapa ni malaria. Homa yoyote, iwe ya malaria au ya mkojo, hupandisha joto la mwili na kufanya dalili za zamani za MS zirudi kwa nguvu kana kwamba ugonjwa umelipuka upya. Mtu akikimbilia sindano za steroidi, dawa za kutuliza mlipuko wa MS, kabla ya kupima malaria na mkojo, anatibu kisichokuwepo na kuacha kilichopo.

Amitriptilini au gabapentini

Kwa maumivu yanayowaka, uchaguzi wa kwanza mara nyingi ni kati ya hizi mbili, pamoja na pregabalini ambayo ni ndugu wa gabapentini. Zote zinahitaji cheti cha daktari, na zote zinahitaji subira ya wiki kadhaa. Ukinywa siku tatu ukasema haifanyi kazi, hujaijaribu bado. Na tuelewane kuhusu lengo: maumivu yakipungua kwa theluthi au nusu, ukalala usiku, dawa imefanya kazi yake. Kuyafuta kabisa ni jambo la wachache.

Amitriptilini ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na inapatikana mpaka wilayani. Hutumika pia kwa msongo wa mawazo, kwa hiyo usishtuke muuza dawa akikuuliza. Dozi ya maumivu ni ndogo zaidi, na huanzishwa kwa miligramu 10 au nusu ya kidonge cha 25, usiku. Inaleta usingizi, na kwa anayekesha hiyo ni faida. Hasara zake ndizo zinazogusa wenye MS hasa. Inakausha kinywa, inafanya choo kigumu, na inaweza kuzuia mkojo kutoka kwa mtu ambaye tayari kibofu chake kina matatizo. Inapunguza pia jasho, na kwa joto la Mtwara la Novemba na Desemba, kabla mvua hazijashika, mwili usiotoa jasho la kutosha ni mzigo kwa mwenye MS. Kwa mwenye tatizo la mapigo ya moyo inahitaji tahadhari kubwa. Na kwa yule wa miguu isiyotulia, inaweza kuizidisha.

Gabapentini haizuii mkojo wala jasho, na mara nyingi huisaidia miguu isiyotulia. Lakini inanywewa mara tatu kwa siku, bei yake ni kubwa zaidi, na huipati kila duka. Tafuta famasi kubwa za mjini. Pregabalini hunywewa mara mbili, ila nayo ni ghali. Zote mbili huleta kizunguzungu, na mtu ambaye tayari anayumba anaweza kuanguka bafuni. Huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu, jambo linalochanganya sana unapojaribu kujua mguu una nini. Kama figo hazifanyi kazi vizuri, dozi lazima ishushwe, kwa hiyo kipimo cha figo kitangulie.

Mfungo wa Ramadhani nao huamua. Amitriptilini moja ya usiku baada ya futari haikugombanishi na saumu. Gabapentini ya mara tatu haipangiki kati ya futari na daku bila daktari kuigawa upya, na kuiacha ghafla si salama. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na masheikh wetu wanalijua hilo. Lakini kama umeamua kufunga, kamwone daktari mwezi wa Shaabani, usisubiri mwezi uandame.

Uamuzi wangu: mwenye kibofu kizuri, moyo mzuri na usingizi mbaya aanze na amitriptilini. Mwenye mkojo unaogoma, au miguu isiyotulia, au ambaye joto linamwangusha kila mwaka, aombe gabapentini hata kama itabidi kujibana.

Yanayokaza: baklofeni, na kwa kiasi

Hapa gabapentini inaweza kusaidia kidogo, lakini dawa kuu ni baklofeni. Huanza kwa miligramu 5 mara tatu kwa siku na kupandishwa taratibu. Kuna jambo ambalo mtu asiyeishi na miguu hii halifikirii: ule ukakamavu ndio wakati mwingine unaokushikilia usimame. Mguu dhaifu unaokaza unaweza kukubeba hadi sokoni. Ukiulegeza kupita kiasi, unakunjika njiani. Kwa hiyo dozi sahihi ni ile inayokuachia usingizi na kukuruhusu bado kuinuka kitini. Wengine hunufaika zaidi kwa kuweka dozi kubwa usiku na ndogo mchana. Mweleze daktari saa ambazo mguu unakusumbua ili apange hivyo.

Baklofeni isiachwe ghafla kamwe. Kuikatiza kwa siku moja kunaweza kuleta degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na kukaza kubaya kuliko kwa mwanzo. Famasi zetu huishiwa. Nunua kabla kopo halijafika chini, na ukisafiri kwenda Newala au Tandahimba msimu wa korosho beba ya kutosha siku zote utakazokaa huko na ziada.

Halafu uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Wakati mabibo yanaiva, uraka upo kila upande, na nipa, pombe kali ya mabibo hayo hayo, vilevile. Baklofeni, gabapentini na amitriptilini, kila moja ikichanganywa na pombe, humlaza mtu usingizi mzito na kumwangusha. Hapa sina maelewano.

Diklofenaki, sindano, na vidonge vya "kutia nguvu mishipa"

Kwa maumivu yanayotokana na mwendo, goti au nyonga, diklofenaki au ibuprofeni kwa siku chache zina nafasi yake, na parasetamoli ndiyo salama zaidi kuanza nayo. Kwa maumivu yanayowaka, hazifanyi kitu cha maana. Tatizo ni kwamba watu hawaachi, wanaongeza. Tumbo linapata vidonda, figo zinachoka, na mguu unawaka vile vile.

Sindano ya deksamethazoni, nayo ni steroidi, ambayo wengine huchomwa ili "wapate nguvu" inaweza kukupa siku mbili za ahueni na kukuachia sukari iliyopanda na, ikirudiwarudiwa, mifupa dhaifu. Steroidi zina kazi yake kwenye MS: mlipuko mpya unapotokea, hospitali hutoa methiliprednisoloni kwa mshipa, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, ili mtu apone haraka zaidi. Si dawa ya maumivu ya kila siku.

Tramadoli inatuliza, lakini inazoeleka, na ikichanganywa na amitriptilini huongeza hatari ya degedege. Iwe ya mwisho, na iwe mikononi mwa daktari.

Vidonge vya vitamini B vinavyouzwa kama dawa ya neva vinamfaa mwenye upungufu. Asiye na upungufu hapati faida, na vitamini B6 ikimezwa kwa dozi kubwa miezi mfululizo inaweza yenyewe kuharibu neva na kuwasha miguu moto. Pima B12 kwanza.

Maji ya moto au maji baridi

Desturi yetu ni kukanda. Mguu ukiuma, birika jikoni, kitambaa kwenye beseni, na mtu mzima wa nyumba anakukanda huku anakuombea dua. Nimeshakuwa na mazungumzo haya zaidi ya mara moja:

"Shangazi, maji yasiwe ya moto."

"Mwanangu, baridi imekuingia mifupani, itatokaje bila moto?"

"Dua yako naipokea kwa mikono miwili, shangazi, ila ngozi yangu hapo haisikii. Utaniunguza na sitajua."

Hilo la kwanza: mguu wenye ganzi unaungua bila taarifa. La pili ni joto lenyewe. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa waliopungukiwa nuru ya macho baada ya kujichosha kwa mazoezi. Baadaye ikaeleweka kwamba joto la mwili ndilo lililokuwa likifanya kazi hiyo. Kabla MRI haijaenea, madaktari walimzamisha mtu kwenye maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Neva iliyochubuka hupitisha ujumbe vibaya zaidi hata joto la mwili likipanda kwa nusu nyuzi. Mwili ukipoa, hali hurudi, kwa hiyo si ugonjwa kuongezeka. Lakini saa chache hizo unaweza kuanguka.

Kwa maumivu yanayowaka, baridi ndiyo inayonifaa: khanga iliyoloweshwa maji ya mtungi, ikakamuliwa, ikazungushwa kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti, feni ikiwa inaipuliza. Barafu moja kwa moja kwenye ngozi yenye ganzi hapana. Kwa misuli inayokaza, baridi kali inaweza kuchochea kukaza zaidi. Hapo maji ya uvuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia kamili, ni bora kuliko ncha zote mbili. Kwa goti na nyonga, uvuguvugu hauna neno.

Kuchua kwa mafuta ya nazi, kwa mkono mwepesi, sioni ubaya wake na naona faida kwa misuli iliyochoka. Shangazi aache tu kuminya kwa nguvu shavu la mguu mmoja uliovimba, nitaeleza sababu. Kuumikwa na kuchanjwa chale sikupendekezi. Ngozi yenye ganzi hupona polepole, jeraha likioza huamsha mkazo, na kwa aliye kwenye dawa za kushusha kinga ya mwili, maambukizi madogo hugeuka makubwa.

Kupumzika au kutembea

Zamani wenye MS walishauriwa wapumzike. Leo ushauri umegeuka, na kwa haki: miguu isiyotumika hukaza zaidi, hudhoofu, na kuuma zaidi. Hoja ni lini na wapi. Huku kwetu ni alfajiri au baada ya alasiri. Ufukweni Shangani maji yakiwa yametoka, tembea kwenye mchanga mgumu ulioloa. Mchanga mkavu wa juu unazamisha kisigino na kuuchosha mguu unaoburuzika. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, utajikuta unaenda mbali zaidi kuliko kaskazi inapovuma, na hiyo si kwa sababu umepona.

Kila siku nyoosha shavu la mguu: shika ukuta, mguu unaokaza nyuma, goti lake limenyooka, kisigino chini, kaa hapo nusu dakika hadi dakika moja, rudia. Usichezeshe kwa kudunda. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa anaweza kukupangia mazoezi mengine, na kwa maumivu ya aina ya tatu yeye ndiye dawa yako kuliko famasi.

Malapa na viatu vya mkanda wa nyuma: chagua mkanda. Mguu ambao kidole gumba hakiinuki vizuri huikanyaga ncha ya lapa na kukuangusha, na bila kujua unakunja vidole kulishikilia lapa lisitoke, jambo linalochosha misuli mchana kutwa. Fimbo ishikwe mkono wa upande usio na mguu dhaifu, na mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono ukisimama wima na mkono ukining'inia. Fimbo za mpingo za mafundi wetu ni nzuri kwa macho, lakini ni nzito. Kwa matumizi ya kila siku chukua ya mti mwepesi au ya alumini, na iwe na mpira chini.

Kazi za kukaa chini nazo zihesabu. Kukuna nazi kwenye mbuzi na kubangua korosho kwa masaa humkunja mtu nyonga na magoti, na ndio mkao ambao misuli hukaza ndani yake. Omba kigoda kirefu. Ni ombi dogo, na nyumba nyingi zitakubali zikielezwa.

Hapa hapa au Dar es Salaam

Mtwara tuna Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lindi wana Sokoine. Walioko bara wana Ndanda, ya Wabenediktini, na Nyangao kwenye barabara ya Masasi. Vipimo vya damu na mkojo, fiziotherapia, na kuanza au kurekebisha amitriptilini, gabapentini au baklofeni, ni kazi za huku. Mtu asifunge safari kwa hayo.

Dar es Salaam, Muhimbili na taasisi yake ya mifupa na mishipa ya fahamu, MOI, nenda kwa mambo matatu: kuthibitisha MS yenyewe, kuonana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na kuamua kuhusu dawa zinazopunguza mashambulizi. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa 3 za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, mojawapo rituksimabu, na hoja hiyo mgonjwa anaweza kuitaja anapoulizia. Dawa hizo hazitulizi maumivu ya miguu yaliyopo. Zinazuia makovu mapya. Usiziache eti kwa sababu miguu bado inauma. Ukipigwa picha, ulizia uti wa mgongo upigwe pamoja na ubongo, kwa kuwa miguu mara nyingi hulia kwa sababu ya kovu la huko, na ondoka na picha zenyewe pamoja na ripoti. Barua ya rufaa ichukue huku kabla ya kuondoka, hasa kama unatumia bima, na piga simu kuuliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo.

Ni takriban kilomita 560. Ndege inachukua kama saa moja na ni ghali. Basi ni siku nzima ya magoti yaliyokunjwa, na msimu wa mvua kubwa barabara inaweza kukatika, kama ilivyotokea Somanga Mei 2024. Ukienda kwa basi, chagua kiti cha kando ya njia upande unaoruhusu mguu mbaya kunyooka, chezesha vifundo vya miguu kila mara, kunywa maji hata kama unaogopa kutafuta choo, na likisimama shuka. Hatari ya kukaa muda mrefu ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na shavu lake likauma, usichuliwe na mtu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, iliyo karibu yoyote. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, ni dharura.

Siku hiyo hiyo pia kama miguu imeishiwa nguvu ghafla, mkojo umefunga au unatoka wenyewe, au ganzi imeshika mapaja kwa ndani na sehemu za siri. Na dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa, piga simu kwa daktari wako kabla ya kumeza kitu kingine chochote.